Kijana niliyemfundisha kazi ananipita mshahara, na fomu za chama ziko mezani

Shikamoo Mjomba,

Nina miaka 41, nina mke na watoto 3, na makazi yangu ni Magongo, Mombasa. Mwaka wa 14 huu niko uwanja wa ndege, katika kampuni inayohudumia ndege za wenyewe: tunapakia na kupakua mizigo, tunaweka kabari magurudumuni, tunaisukuma ndege irudi nyuma, tunafagia ndani abiria wakishashuka. Niliingia kama kibarua wa siku, baadaye nikaandikwa. Leo zamu ya usiku naiongoza mimi, ingawa cheo hicho hakimo kwenye karatasi yoyote. Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 31,400.

Mwaka jana waliajiri vijana kadhaa, mmoja akawekwa chini yangu. Kila anachokijua nimemfundisha mimi: asimame umbali gani injini inaponguruma, mabegi yapangwe vipi tumboni mwa ndege uzito usielemee nyuma, na kwa nini mlango wa mizigo hauachiwi mpaka uutazame kwa macho yako. Kijana mzuri, ana adabu, simsingizii. Mwezi wa kumi akaniletea hati yake ya mshahara kwenye simu, nimweleze yale makato ya SHIF, ile bima ya afya, na ya nyumba. Nikamweleza. Lakini jicho lilikuwa limeshapanda juu. Msingi wake ni 33,000.

Mjomba, nilimrudishia simu nikaenda kukaa juu ya toroli la mizigo mpaka ndege ya Nairobi ikatua. Tuliambiwa mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni ndiye huyu amekuja, na mwenyeji homa imezidi.

Sasa kuna la pili. Tangu mgomo wa uwanja wa Nairobi wa Septemba 2024, vijana wetu hawazungumzi jingine ila chama cha wafanyakazi, na fomu zinapita mkono kwa mkono. Tuko kama 160. Watu 90 tumeandikwa na kampuni, waliobaki wako kwa wakala, mikataba yao ni ya miezi mitatu mitatu. Wazee wenzangu wanasema chama kikidai watu wote walipwe sawa, hawatii sahihi. Vijana wanasema kikidai watu walipwe kwa mvi, nao hawatii. Mmoja aliniambia mbele ya watu, “Begi la kilo 23 ni kilo 23, kwangu na kwako.” Sikuwa na jibu, na mgongo wangu siku hiyo ulikuwa unauma.

Juma lililopita meneja akaniita ofisini, chai na mahamri. Ati nafasi ya msimamizi ipo, nyongeza ni 6,000, ila “uwatulize vijana wako”. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mke wangu asema nichukue, tuna mkopo wa Sacco na binti yuko kidato cha tatu. Nami kila nikilala naiona ile 33,000.

Je, Mjomba, ni choyo kutaka miaka yangu ihesabiwe? Fomu niitie sahihi? Na hicho cheo nikichukue?

Mzee wa Kabari, Magongo

*

Marahaba, mpwa wangu.

Si choyo. Ila naona umevifunga vitu viwili kwa kamba moja, nami nataka nivifungue kwanza, maana kimoja ni cha yule kijana na kimoja ni cha kampuni.

Kijana hakukunyang'anya kitu. Siku alipoajiriwa, kampuni ilikuwa inatafuta watu na bei ya mtu ilikuwa imepanda, ikabidi ilipe bei ya siku hiyo. Wewe ulinunuliwa miaka 14 iliyopita kwa bei ya wakati ule, kisha ukawa unaongezwa kidogokidogo, mwaka mmoja ndiyo, miaka miwili hakuna. Mgeni hununuliwa, mwenyeji huzoewa. Nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini Kilindini kwa miaka 27, na niliwaona wenye makampuni wengi wakifanya hivyo bila hata kuwa na ubaya wa moyo. Wanajua tu kwamba mtu mwenye mkopo na binti wa kidato cha tatu haondoki kwa 1,600.

Sasa sikiliza sheria inavyosema, maana hapa wazee wenzako na vijana wote wamekosea. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamtaka mwajiri alipe mshahara sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Basi kwa zile 1,600 una hoja, na hoja nzuri: kazi yako haipungui yake, tena unamfundisha na kuongoza zamu. Lakini angalia neno lenyewe, ni “sawa”. Sheria yaweza kukufikisha alipo kijana. Kukupitisha haiwezi. Hakuna kifungu kinachosema mtu wa miaka 14 alipwe zaidi ya mtu wa mwaka mmoja.

Wajua ni wapi sheria hiyo inaikumbuka miaka yako? Kifungu cha 40, cha kupunguza wafanyakazi. Hapo mwajiri anatakiwa, anapochagua wa kuondoka, azingatie nani ametangulia kuingia, pamoja na ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Na anayeondolewa hulipwa si chini ya siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Nimekupigia hesabu: kwa msingi wako wa sasa, ukishatimiza miaka 14, ni kama laki 2 na elfu 20. Yaani miaka yako ina bei kwenye vitabu vya serikali, lakini bei hiyo husomwa siku unayoonyeshwa mlango. Ukiwa bado ndani, hakuna anayelazimika kuisoma, isipokuwa iwe imeandikwa kwenye mkataba wa pamoja, ule mnaouita CBA. Na huo haupatikani bila chama. Kwa hiyo mzee anayekataa fomu ili alinde heshima ya miaka yake anapachoma palepale anapotaka kulala.

Huko kwenye mashirika makubwa ya ndege, Marekani hasa, miaka ndiyo kila kitu. Mhudumu wa ndani ya ndege ana namba, na namba hiyo hutokana na tarehe aliyoajiriwa. Namba ndiyo inayoamua ataruka njia gani, likizo ataichukua Desemba au Februari, na atapumzika siku zipi. Mshahara nao hupanda ngazi kila mwaka, kwa kawaida mpaka kama mwaka wa 12, kisha ngazi zinakoma. Kwa nini vyama viling'ang'ania hivyo? Si kwa sababu mtu wa miaka 20 anamwaga chai vizuri kuliko wa miaka 5. Ni kwa sababu tarehe haipindwi. Meneja hawezi kuamka asubuhi akasema tarehe yako siipendi. Bila tarehe, anayepangiwa zamu nzuri ni anayecheka vizuri na bosi, nawe najua zamu zenu zinavyopangwa, sihitaji kuambiwa.

Lakini huohuo upanga una makali upande wa pili, na vijana wako wana haki ya kuuogopa. Mwaka 1983 American Airlines ilikubaliana na vyama vyake kuwa na mizani miwili ya mshahara. Waliokwisha kuwamo walibaki na mshahara wao, watakaokuja baadaye waanze chini mno, kwa kazi ileile, katika ndege ileile. Ilikuwa rahisi kupitisha, kwa sababu waliokuwa wanauzwa walikuwa bado hawajaajiriwa, hawakuwa na kura. Ila kampuni ilikua, wageni wakawa wengi, na wakaingia kwenye mikutano ya chama wakiwa na hasira ambayo haikuelekezwa kwa mwajiri peke yake. Mizani ile haikudumu. Uhasama kati ya watu wa viti viwili vilivyogusana, huo ulichelewa kwisha.

Kisha kuna kisa cha TWA, shirika jingine la ndege la Marekani, ambacho mimi kila nikikifikiria nanyamaza kidogo. Mwaka 2001 American iliinunua TWA. Wahudumu wa TWA, kama watu 4,000, wakaunganishwa kwenye orodha ya American, na wakawekwa mkiani. Wamo waliokuwa wameruka zaidi ya miaka 30, sasa wako nyuma ya binti aliyemaliza mafunzo juzi. Miezi michache baadaye yakatokea mashambulizi ya Septemba 11, abiria wakapungua, na kanuni ikawa ileile: wa mwisho kwenye orodha ndiye wa kwanza kutoka. Kufikia 2003 hao wa TWA wote walikuwa wamepelekwa nyumbani. Na waliowaweka mkiani hawakuwa mabosi peke yao. Chama cha wahudumu wa American kilisimamia watu wake, na watu wake walikuwa wale wa zamani. Mwaka 2007 Bunge la Marekani likapitisha sheria kwamba makampuni yakiungana orodha za wafanyakazi ziunganishwe kwa haki. Kwao ilikuwa imechelewa.

Nakueleza hayo kwa sababu wewe una umri wa watu wawili kwa wakati mmoja. Kwa yule kijana wewe ni mzee. Kampuni nyingine ikichukua kazi ya uwanja huo kesho, na zabuni hizo hubadilika mikono, wewe ndiye utakayekuwa mgeni mkiani, na miaka 41 yako.

Ningekuwa mimi ninayewakalisha chini, ningeomba hivi. Anayeanza, aanze kwa kiwango kimoja kinachojulikana, kilichobandikwa ukutani. Mtu yeyote wa zamani aliye chini ya kiwango cha mgeni anayeingia leo ainuliwe kwanza, kabla ya jambo jingine lolote. Hilo vijana hawatalipinga, kwa sababu halitoki mfukoni mwao. Kisha ngazi za mwaka, lakini fupi, 6 au 7 basi. Kazi ya kupakia ndege haihitaji miaka 20 kuijua, nawe wajua hivyo. Baada ya mwaka wa 6 unachokiongeza ni busara, na busara ilipwe kwa jina lake: posho ya kuongoza zamu, posho ya anayefundisha, posho ya anayeendesha trekta la kusukuma ndege. Kijana wa kilo 23 akijifunza trekta, apate na yeye. Tarehe ya kuajiriwa itumike kwenye likizo na zamu, na kwenye kupunguzwa, ambako sheria tayari imeshaitaja.

Na hili usilisahau, naliona ndilo kubwa kuliko yote: miezi iliyofanywa chini ya wakala ihesabiwe kuwa miaka. Wale 70 wako wapi kwenye ugomvi wenu wa wazee na vijana? Sijasikia hata mmoja akiwataja. Neno kibarua unajua lilitoka wapi? Ni barua ndogo, kile kikaratasi alichotembea nacho mtu wa siku, kinapigwa alama kila anapofanya kazi. Baba yangu alikuwa nacho hapa bandarini. Januari 1947 Mombasa iligoma, watu wa bandari, wa reli, wa mahoteli, mpaka watumishi wa majumbani, na mwenye kikaratasi alisimama na mwenye ajira. Hawa wa miezi mitatu mitatu ni vibarua, hata wakivaa fulana ya kung'aa. Mkiwaacha nje, siku mtakapokuwa na mkataba mzuri kampuni itaacha kuajiri na kuongeza wa wakala, na mkataba wenu utabaki wa watu 90, kisha 60, kisha wa wazee wanaosubiri kustaafu.

Mwajiri wao kwenye karatasi ni wakala, kwa hiyo kwenye hesabu ya kutambuliwa kwa chama msiwachanganye ovyo, mtaingia mabishanoni. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inasema chama kitambuliwe kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Kati yenu 90, ukiwatoa wakubwa wa ofisini, tuseme 84 wamebaki, basi mnahitaji 43. Ni watu wa zamu mbili tu. Hao wa wakala wajiunge kwa mwajiri wao, na kwenye madai yenu waandikwe tangu siku ya kwanza. Fomu ikishamfikia mwajiri, ana siku 30 za kuanza kukata ada. Akikataa kukitambua chama, jambo linapelekwa kwa Waziri wa Kazi kama mgogoro, na mwisho wake ni Mahakama ya Ajira.

Sasa cheo. Hapa nitasema na wewe bila kuzunguka. Msimamizi mwenye uwezo wa kuajiri, kuadhibu, kupandisha au kusimamisha watu kwa kawaida hahesabiwi tena kuwa wa chama. Mambo hayo yamo kwenye Mapatano ya Mahusiano ya Kazini, yale ya serikali, waajiri na vyama, na mabosi wanayajua kuliko nyinyi. Kwa hiyo ile 6,000 inanunua vitu viwili. Inanunua ulimi wako, na inakutoa kwenye hesabu ya 43. Meneja mwenye chai na mahamri hakukuambia la pili.

Sikuambii ukikatae. Mkeo ana haki, na mimi silipi karo ya bintiyo. Omba barua. Mwambie meneja kwa adabu zote, “Nashukuru, naomba nipewe kwa maandishi, na majukumu yote yaandikwe.” Kama barua inasema kiongozi wa zamu, bila mamlaka ya kuadhibu wala kuajiri, huo ndio mshahara wa kazi unayoifanya bure miaka hii yote, ichukue, na fomu utie sahihi vilevile. Kama inasema msimamizi mwenye mamlaka, basi uamue ukijua unavuka. Na kama barua haitoki, umeshajua zile 6,000 zilikuwa za nini. Kuhusu “uwatulize vijana”, hilo usiliitikie kwa mdomo wala kwa kichwa.

Waoga watakuambia utafukuzwa. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinasema kuwa mwanachama wa chama, hata kutaka tu kuwa mwanachama, si sababu halali ya kumfukuza mtu. Mimi najua pia kwamba hakuna meneja atakayeandika “chama” kwenye barua ya kukufukuza. Ataandika kuchelewa. Basi usichelewe. Weka hati zako za mshahara nyumbani, zote, na daftari la tarehe ulizoongoza zamu na majina ya uliowafundisha. Ukidhulumiwa una miaka 3 ya kwenda mahakamani, usije kuniandikia mwaka wa nne. Fomu zisipitishwe upande wa ndege wala saa za kazi. Nendeni kwenye vibanda vya chai pale nje. Pasi yako ya uwanjani ni shingo yako. Ikichukuliwa, hata ukishinda kesi utakuwa umeshinda ukiwa nje ya geti.

Vijana wakianza kutaja mgomo, watulize kweli, lakini kwa sababu zako si za meneja. Marubani wa Kenya Airways waliogoma Novemba 2022 waliziacha ndege chini kwa sababu huwezi kumtoa rubani barabarani ukamkalisha kwenye usukani. Mpakiaji mizigo anaweza kutafutwa asubuhi akapatikana saa sita, hodari au si hodari. Nguvu yenu iko kwenye idadi kwanza. Haki ya kugoma mnayo, imo kwenye Katiba, na katika huduma zilizowekewa zuio la mgomo upande wa ndege ni waongoza ndege na mitambo ya mawasiliano yao, si nyinyi. Lakini notisi ni siku 7, na mazungumzo yawe yamekwisha kushindikana. Mgomo wa watu 30 bila notisi ni likizo isiyo na malipo, na huenda ikawa ya moja kwa moja.

Yule kijana mpe chai wewe, kabla meneja hajampa. Mwambie umeona 33,000 yake na kwamba humwonei wivu, hata kama bado unamwonea kidogo. Kisha muulize swali moja: kampuni ikiajiri mwingine mwakani kwa 35,000, yeye atataka iweje? Mwache ajibu mwenyewe. Nadhani sahihi ya 43 unayo hapo.

Barua ya cheo ikifika, nipigie picha unitumie kabla hujaitia kalamu.

Mjomba